Tawi Bichi Njiani

Baiskeli yangu ilining'inia ukutani miaka minne bila kuonja vumbi. Kampuni ya migodi ilinipa pamoja na medali, baada ya miaka ishirini ya kazi karakanani, nami nikaigongomelea msumari mkubwa sebuleni, mahali ambapo jirani zangu wenye akili timamu walitundika kalenda ya parokia. Kila Jumapili niliipangusa kwa kitambaa laini. Mke wangu, Clotilde, aliwaambia wageni kwamba nyumba yetu ina mtoto wa tano, asiyekula wala kutumwa.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini. Mshahara ulianza kuchelewa, ukazoea kuchelewa, halafu ukatusahau. Posho ya unga ya kila mwezi, ambayo tulikuwa tukiilalamikia kwa pumba zake, nayo ikakoma. Asubuhi moja Clotilde alifungua sanduku, akatoa vitenge viwili vipya ambavyo havijawahi kuguswa na maji, akaviweka mezani mbele yangu.

"Baba Bénie," akasema, "shusha ile kinga yako, ile baiskeli, pa ukuta. Kule Lufira banalima mahindi. Batoto banachoka na matembele."

"Na hivi vitenge?"

"Nilikuwa nabichunga kwa ndoa ya Bénie. Ndoa itangoja. Njaa haingoje muntu."

Nilivitazama, nikaona haya kuvigusa. Hatukuwa na kitu kingine cha kubadilisha, na kama ningerudi mikono mitupu tusingekuwa na kitu tena.

Barabara kubwa ilikuwa na vizuizi vya askari, na kila kizuizi kilikuwa na njaa yake, hivyo mzigo haukufika mjini Likasi ukiwa mzima. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Clotilde ya kutaka njia ya pembeni. Sababu ya kweli ilikuwa aibu. Sikutaka wenzangu wa karakana wanione, mimi fundi mwenye medali, nikisukuma gunia kama wauza makala, yaani makaa ya kupikia, wa mtaa wa Kikula. Njia ya pembeni, hata hivyo, waliijua wauza makala wenyewe, basi ikanibidi niende kwa mmoja wao. Jina lake Numbi. Kwa miaka mingi kijana huyo alituletea makala hadi mlangoni, na kwa miaka hiyo yote nilizungumza naye kupitia dirisha.

Hakunikumbusha dirisha. Alikagua breki zangu, akakaza mnyororo, akasema kwa heshima ya kijana kwa mzee, "Tutaenda pamoja, Vieux. Kule hakuna motokari, hakuna kelele. Utapenda."

Nilipenda kweli. Tulipoteremka vilima na kufika kwenye tambarare ya Lufira, ardhi ilijinyoosha mbele yetu, na njia nyembamba ikaufuata mto bila haraka. Saa nzima ilipita tusikutane na mtu. Nilisikia matairi yakinong'ona juu ya vumbi, ndege mmoja mmoja, na pumzi yangu mwenyewe. Tangu kazi ilipokufa sikuwa nimesikia pumzi yangu bila kuhesabu nayo miaka iliyonibakia. Nilijikuta nikipiga mluzi, na Numbi mbele yangu akauitikia.

Kijijini mama mmoja alivipokea vitenge, akavinusa, akanipa gunia la mahindi lililojaa hadi mdomoni. Numbi alinifungia kwa mipira ya matairi, akanichongea fimbo yenye panda ya kuiegemezea baiskeli. Siku ya kurudi alitangulia na gunia lake la mahindi, maana mwendo wangu ulikuwa wa kumtia mtu usingizi.

"Weye kuya polepole," akaniambia. "Nitakungojea pa daraja ya miti."

Kwenye njia panda ya kwanza nilikuta tawi bichi limekingama kwenye mdomo wa njia moja. Mimi nimezaliwa katika kambi ya kampuni. Kwetu tawi barabarani lilikuwa takataka, na msimamizi akilikuta mbele ya nyumba yako, utajieleza. Nikashuka, nikaegemeza baiskeli kwenye fimbo, nikalitupa tawi mbali majanini. Hata nilijisifu: wanaokuja nyuma watakuta njia safi. Kwenye njia panda ya pili nikakuta tawi jingine, nikalitupa pia. Mara zote mbili bahati ilinichagulia njia iliyo sawa, nami nikaiita bahati hiyo ujuzi.

La tatu nililitupa kwa hasira kidogo, nikishangaa watu wa huku wasivyojua kufagia. Hapo njia moja ilikuwa nyembamba na yenye mawe. Ile nyingine ilikuwa pana, laini, imeteremka taratibu kuelekea mtoni. Nikaifuata ile pana, nikimwombea baraka aliyeitengeneza.

Walioitengeneza walikuwa viboko. Nililijua hilo baadaye. Nilichokijua wakati ule ni kwamba gurudumu la mbele lilizama, maji yakanifika magotini, na gunia likaanza kuinama upande wa tope. Nikalikumbatia. Nikiiachia baiskeli nifungue mipira, gunia linaanguka majini. Nikivuta, linazidi kuinama. Nilisimama hivyo katikati ya mafunjo, nikiwaza vitenge vya binti yangu Bénie, na jua likiteremka.

"Papa! Shikilia hivyo hivyo!"

Alikuwa Kibibi, mchuuzi wa samaki wakavu sokoni Likasi, mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Aliegesha baiskeli yake kwenye ukavu, akakaza kilemba, akasema "Bismillahi," akaingia topeni, akaweka bega lake chini ya gunia langu. Tulivuta, tukapumzika, tukavuta tena. Gunia likatoka likiwa limelowa pembe moja tu.

"Sielewi," akasema huku akisafisha miguu kwa majani. "Pa njia panda sikuona tawi. Bantu bakitangulia, banafunga njia mubaya na tawi bichi, juu ya benye kubaki nyuma. Leo njia ilikuwa wazi, miye nikaingia."

"Ni mimi niliyelitupa."

"Ulilitupa?"

"Nilidhani takataka."

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Yeyote aliyesukuma baiskeli yenye gunia anajua gharama ya kusimama: kushuka, kuegemeza, kisha kuung'oa mzigo upya kwa kifua chote. Numbi alisimama mara tatu. Mara tatu alikata tawi kwa ajili ya mzee aliyekuwa akimjibu kupitia dirisha. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi nilipiga yangu matatu, tena kwa unadhifu.

Mle ndani njia za viboko zilikuwa nyingi na zimepishana, hivyo Kibibi alituongoza kwa ukingo mkavu, mto ukiwa mkono wa kushoto. Tukatokea kwenye ile njia panda ya tatu kwa upande mwingine. Hapo tukasimama wote wawili.

Mdomo wa njia pana ulikuwa umefungwa kwa baiskeli ya Numbi, aliyekuwa amerudi kutoka darajani aliponikosa. Ilikuwa imelazwa chini, imekingama, na gunia lake zima limefungwa juu yake. Mwaka ule hakuna mtu Likasi aliyeacha nje hata kandambili moja. Yeye aliacha chakula cha nyumba yake chote, peke yake, katikati ya njia. Tawi lilikuwa limeshindwa na mjinga, basi Numbi akaweka kitu ambacho hata mjinga asingeweza kukitupa.

"Yeye mwenyewe iko wapi?" Kibibi akauliza kwa sauti ya chini. Jua lilikuwa limegusa nyasi, na hiyo ndiyo saa ambayo viboko hutoka majini.

Ndipo tukamsikia, mbali ndani ya mafunjo. "Vieux Théophile! Eee, Vieux!"

Kibibi akanishika kiwiko. "Mujibu, Papa. Anakuita."

Nikaita jina lake kwa nguvu zote zilizobaki kifuani, "Numbi!" na sikuona haya kwamba nalia. Kisha nikailaza baiskeli yangu, pamoja na gunia na vitenge vyote vya Bénie vilivyogeuka mahindi ndani yake, ubavuni mwa baiskeli yake, nikaingia kumtafuta aliyekuwa akinitafuta.