Aliyebaki Benchi la Mokpo

Jumamosi mchana, katika chumba cha kuvalia cha timu ya wageni, ukumbi wa kikapu wa Mokpo, Pyo Gwangseok alikaa juu ya meza akila ndizi huku akifungwa plasta goti la kushoto. Upande wa pili wa ukuta, kwenye kiti cha mwisho cha benchi la wenyeji, Pyo Gwangseok mwingine alikuwa anasubiri kuingizwa. Huyo alikuwa na miaka ishirini na mitano na magoti mawili mazima.

Kwenye ligi ya kikapu kila mtu alilijua jambo hilo. Kabla ya msimu, timu huweka kichwa cha nguruwe mezani na kumimina pombe ya mchele, kocha akisoma majina ya wachezaji mbele ya mizimu ili iwalinde mpaka mechi ya mwisho. Mchezaji akiuzwa katikati ya msimu, mizimu inatakiwa iambiwe kwamba ameondoka. Mokpo hawakuiambia. Walimuuza Gwangseok kwa simu akiwa bafuni na povu kichwani, na jioni ileile alikuwa kwenye basi la timu ya Chuncheon. Aliyesomwa jina akabaki palepale benchi, bila kuzeeka. Chuncheon nao wakamuuza vilevile. Andong, timu yake ya tatu, walimchoma sindano gotini ili acheze. Akacheza, goti likafa, wakamuuza. Wenye timu wana mtu wa kufua soksi na mtu wa kupuliza mipira. Wa kuiambia mizimu hawajawahi kumwajiri.

Leo Gwangseok alikuja kucheza na timu yake ya sasa, na kumchukua yule kijana kabla Mokpo hawajamharibu goti.

Alimkuta Kocha Maeng wa Mokpo mlangoni, akitafuna ngisi mkavu.

"Kocha, mimina kikombe kimoja tu. Sema Pyo kaondoka. Basi."

"We Pyo, uzee umekutoa haya? Mchezaji halipwi, haugui, haombi ruhusa ya msiba, nimwachie? Wenye timu watanichinja mimi badala ya nguruwe."

"Yule ni mimi, Kocha."

"Wewe ni wako mwenyewe. Yule ni wa timu." Akamsogezea ngisi. "Chukua, utafune. Una njaa, ndiyo maana unaongea ovyo."

Katika robo ya tatu ya mechi, mchezaji wa ulinzi wa Mokpo aliteguka kifundo cha mguu. Maeng aligeuka, akanyoosha kidole kwenye kiti cha mwisho. Kijana akavua koti, akaingia, akapewa kumkaba Gwangseok.

"Kaka, mbona mzito hivyo?" alimnong'oneza. "Nguruwe ulimla peke yako?"

"Cheza taratibu. Usirukie mipira."

"Aa, unaniogopa!"

Akampokonya mpira mara mbili. Watu wakapiga makofi, wazee wakaambizana kwamba kijana huyu alikuwa mzuri hata zamani. Mara ya tatu mpira ulikuwa unatoka nje, naye akaurukia, akaangukia goti la kushoto. Mlio wa goti ulisikika mpaka kwa wauza vitafunwa. Gwangseok alisimama pale akitarajia kusikia goti lake likiuma zaidi. Liliuma kama kawaida.

Daktari wa Mokpo alikuja na sindano. Kijana akachomwa, akarudi uwanjani, akafunga. Mokpo wakashinda.

Baada ya mechi, kijana alikuwa amekaa ngazi za juu, nje ya mlango wa jiko la timu. Mpishi, ambaye wachezaji wote walimwita mama mdogo, aliwaletea mabakuli mawili ya supu ya mwani na barafu ndani ya taulo.

"Kuleni, wanangu. Mmoja kakonda, mwingine kavimba, na tumbo ni lilelile."

Gwangseok akamwekea barafu gotini. "Twende nyumbani. Mama yupo Yeosu, bado anauliza kama tunakula."

"Msalimie. Mimi siwezi sasa hivi, kaka. Kocha kaniahidi msimu ujao naanza kikosi cha kwanza."

Ahadi hiyo Gwangseok aliikumbuka neno kwa neno. Aliahidiwa Mokpo, akaahidiwa Chuncheon, akaahidiwa Andong, na kila mara alishukuru kwa kuinama. Akamwangalia kijana anavyokunywa supu kwa furaha, akammiminia na ya kwake.

Chini, basi la timu yake likapiga honi. Akamshika kijana mkono, akamsimamisha, akamfundisha jinsi mtu mwenye goti la namna ile anavyoshuka ngazi: mguu mbovu kwanza, kisha mzima.

Kijana alijaribu ngazi moja, kisha nyingine.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo," alisema Gwangseok. "Utazoea."