Majembe Ine ya Musaada

Mama unayesoma hii, kama mutoto wako mwanaume anaanza kutazama njia ya Walikale, usifanye vile mimi nilifanya. Nasikia musaada ya mashamba itarudi tena hapa Masisi mwaka huu, njo maana naandika.

Wakati wa Wabelgiji, kilima chetu hapa Kibabi kilikuwa na mifereji sita, imekatwa kwa kukingama muteremko, mumoja juu ya mwingine, kusudi maji ya mvua isimame na isibebe udongo. Tuliichimba kwa kiboko. Uhuru ulipofika, tukaifukia yote tukiimba. Mume wangu alifukia wa kwanza, na hakuishi kuona matunda yake. Mwaka uliofuata mvua ya Novemba ikakula robo ya shamba letu. Maharagi na mihogo ikashuka mpaka mutoni.

Mutoto wangu Faustin, alikuwa na miaka makumi mbili na moja, akasimama pale udongo ulikatika.

"Mama, wenzangu wanasema kule Walikale, mu pori, udongo haukimbii muntu."

"Na nani atakupikia, nyani?"

Nilicheka kwa mdomo tu. Mungu aliniachia huyo mumoja tu.

Kiangazi cha 1962 akaja Papa Léopold, agronome, bwana wa mashamba wa serikali. Akatukusanya kisha misa. Kila jamaa itapata majembe ine mapya, mbegu ya maharagi, na miche ya majani ya kushika udongo. Ni musaada, haulipwe. Kazi iko moja: mifereji sita ifunguliwe mbele ya mvua kuanza.

"Kwa kiboko tena?" jirani yangu Annonciata akapiga kelele. "Papa Léopold, weye mwenyewe ulishika jembe siku gani? Mikono iko laini sawa ya bibi-arusi!"

Watu wakacheka, naye akacheka. "Kiboko ilirudi kwao Ulaya, Mama. Mvua njo ilibakia. Na musiende kutundika majembe hii ku ukuta sawa picha ya mutakatifu!"

Niliyabeba ku kichwa mpaka nyumbani. Faustin alikwisha kupiga vijiti pale mufereji wa juu ulipitaka zamani. "Udongo tuliofukia ungali laini," akasema. "Na hizi jembe, mwezi moja tunamaliza."

Nikamwambia angoje.

Kwetu binti haombwe kwa mbuzi tu. Wanataka majembe, na yawe mapya, yasiguse udongo hata siku moja. Faustin alimupenda Emérence, binti ya Papa Damien wa Kingi, na mara mbili Papa Damien alikuwa ametukatalia. Mimi nikawaza: kijana mwenye bibi haendi mu pori. Nikayafunga majembe mu gunia.

"Mama, na mifereji?"

"Tutachimba na ya zamani. Mvua iko mbali."

"Ya zamani imekwisha, iko sawa kijiko."

"Basi chagua: kijiko na Emérence, ao jembe mupya na kitanda baridi."

Masikio yake yakawaka. Akaenda kutafuta jembe ya zamani. Nikajua nimemushinda, na nikafurahi, mimi mujinga.

Kule Kingi Papa Damien alichukua majembe mawili, akayagonganisha, akasikiliza.

"Eh, Mama Faustin! Mwaka jana ulileta mbuzi na maneno matamu. Chuma hii imetoka wapi?"

"Mungu amekumbuka mujane."

"Mungu huyo anavaa kofia ya agronome," akasema, na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Lakini aliyapokea.

Ndoa yao ilifungwa mwisho wa Agosti. Emérence alikuwa mutoto muzuri. Siku ya ine tu tayari alikuwa mu mufereji pamoja nasi. Lakini jembe moja ya zamani ilivunjika mupini, nyingine ilikunjika ku jiwe. Katikati ya Septemba tulikuwa na mufereji mumoja na nusu.

Papa Léopold akapita kutazama. "Majembe iko wapi, Mama?"

Nikatazama chini. Emérence njo alijibu, sauti kidogo: "Iko kwa papa yangu."

Papa Léopold hakukasirika. Alitazama kilima, kisha akatazama mawingu. "Endeni muyaombe, hata kwa juma moja. Mutayarudisha."

Yeye alikuwa muntu wa mbali, hakujua. Jembe la kuposea haliombwe tena. Kulitwaa, hata siku moja, ni kusema binti arudi kwao. Faustin akamushika bibi yake mukono pale pale mbele yetu.

"Papa Léopold," akasema, "afazali kilima kiende."

Kilienda. Mvua ilipiga siku mbili bila kupumua, na siku ya pili, saa sita ya mchana, tulisikia kama gari kubwa inakuja nyuma ya nyumba. Hatukupoteza muntu. Lakini shamba lilishuka lote toka mufereji ile ya nusu mpaka chini, lakini kwa Annonciata, pale mifereji yote sita ilikuwa wazi, maharagi ilikuwa imesimama, majani yake yanang'aa.

Nilitaka Faustin anitukane. Alisema tu, "Si weye, Mama. Njo kilima." Mwezi wa kwanza yeye na Emérence walifunga mizigo ya kwenda Walikale. Nilimupikia mihogo ya njia, akaniambia ni mingi, nikaongeza.

Miaka mitano sasa. Na Annonciata tulichimba mifereji sita kwangu, kiangazi mbili, mimi na jembe moja aliyoniazima. Kile kipande kilichobaki kinashika. Mama, ukipokea jembe ya musaada, ligusishe udongo siku ile ile, mbele ya jirani, kusudi moyo wako usipate nafasi. Kijana akikosa bibi mwaka huu, atapata mwaka ujao.

Nilituma muchuuzi wa chumvi: mwambie Faustin, kilima kinasimama, arudi. Muchuuzi akarudi na jibu kisha miezi mitatu. Wamekwisha kupanda migomba kule. Mutoto wa pili ni binti, wamemupa jina langu, na anasema Kinyanga, luga ya kule, kuliko Kiswahili.

Nikamuuliza yule muchuuzi, huyo binti anafanana na nani? Akasema hakutazama vizuri, alikuwa anapima chumvi.