Vitenge Mkononi

Siku aliposhuka kwenye basi pale Portovelo, Italia, Zefania Mwaijande hakuwa na kamera, hakuwa na kofia ya jua, hakuwa na neno hata moja la Kitaliano, na sanduku lake halikuwa na zipu. Zipu ilikatika uwanja wa ndege, tumbo la sanduku likafumuka, na mkewe Domina akaona heri mumewe avibebe mkononi vile vitenge vitatu vya zawadi.

Zawadi zilikuwa za mama mwenye nyumba ya wageni. Binti yao Anitha, muuguzi wa Springfield, Marekani, aliyewatunuku safari hiyo kwa miaka arobaini ya ndoa, alikuwa amecheka hadi machozi yakamtoka.

"Baba, ile ni hoteli! Huendi ukweni."

"Naenda kulala chini ya paa la mtu," Zefania alimjibu. "Mkono mtupu haulambwi."

Habari za Portovelo alizisoma zamani katika darasa la jioni huko Maryland, macho yakimwasha baada ya kutwa nzima ya kusukuma vitanda vya wagonjwa. Sasa mji ulikuwa mbele yake: ngome ya mawe ya rangi ya asali, vichochoro vya ngazi, maua yakining'inia madirishani, na Bahari ya Kati ikimeta chini kama hariri iliyotandazwa. Wapenzi walitembea wameshikana. Zefania naye akamshika Domina mkono hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwao Tukuyu wala Adelphi, Maryland, anakoishi.

"Leo una nini, Baba Anitha?" Domina aliuliza, lakini mkono hakuutoa.

Kando ya ukuta wa bahari, wanaume Waafrika walikuwa wametandika mashuka na kupanga mikoba na miwani ya jua. Mtalii mmoja mwenye kofia pana akamsogelea Zefania, akashika pindo la kitenge na kuuliza bei.

"Si cha kuuza, mama," Zefania alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka.

Yule mama akatabasamu kama mtu ajuaye biashara, akaonyesha vidole vitano. Zefania alipotikisa kichwa, akaongeza cha sita.

Ndipo filimbi ikalia. Wachuuzi wakakunja mashuka kwa pembe zake nne, wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja alibaki nyuma, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na goti bovu. Alikuwa amekwisha kupiga hatua kadhaa alipomwona Zefania amesimama wima na vitenge vyake. Akarudi. Akamvuta mkono, akamwonyesha kichochoro.

"Niache!" Zefania alifoka na kujikung'uta.

Askari wakawafikia wote wawili, Domina akitazama hatua chache nyuma. Mikoba na vitenge vikatumbukizwa katika gunia moja. Zefania akahisi damu ikimpanda kichwani. Akachomoa pasipoti, akaiinua juu kama kadi ya mwamuzi.

"Mimi ni raia wa Marekani! Mimi si kama hawa!"

Askari waliipekua pasipoti, wakanong'onezana, wakacheka. Mmoja alichomoa vitenge guniani, akamrushia kifuani. Samahani hakuna. Yule mwenye ndevu aliondolewa akichechemea, na kabla ya kukata kona aligeuka, akamtazama Zefania. Kiingereza alikuwa amekielewa.

Mama mwenye nyumba alivifurahia vitenge, akavitandika mezani siku hiyohiyo. Zefania alikula samaki juu yake kwa siku tano asisikie ladha.

Aliporejea Adelphi alimwandikia meya wa Portovelo. Aliandika jioni tatu, kamusi kiwikoni, kila sentensi ikiwa na ncha. Alipomaliza, akaisoma kwa sauti huku Domina akimenya ndizi. Barua ilitaja umri wake, vyeti vyake, uraia wake. Ilidai kuombwa radhi kwa maandishi. Mzee mwenye heshima zake, ilisema, amefananishwa na wachuuzi wa barabarani.

"Inauma vizuri," Domina alisema. "Yule mwenzetu umemweka wapi?"

"Mwenzetu yupi?"

"Aliyerudi kukuvuta mkono."

"Mama Anitha, hii ni barua ya kushtaki. Mimi ndiye niliyedhalilishwa!"

"Wewe ulidhalilishwa, ukaenda kula samaki. Yeye alikuwa amekwisha kukimbia. Tena umeandika yote waliyokutendea, mbona uliyosema wewe siyasikii?"

Zefania aligonga meza, vikombe vikaruka. Alisema wanawake hawajui barua za kiofisi. Alisema angekuwapo mwanamume mwingine pale, angesema yaleyale, na maneno hayo yalipotoka kinywani akayasikia. Domina aliendelea kumenya. Zefania akatazama ukurasa wake, mwandiko umelala sawasawa kama alivyofundishwa, na kila mstari ukaonekana kuinua pasipoti.

Akaichana barua. Akachukua karatasi nyingine.

Hasira haikupungua, ilipanuka, ikamweka na yeye ndani. Aliandika: "Mtu huyo sikumuuliza jina. Ana ndevu za mvi na goti la kushoto linamsumbua. Mlimkamata kwa sababu alirudi kuniokoa, nami nikamkana mbele ya askari wenu. Mrudishieni mali yake. Mjulisheni kwamba namtafuta. Kama hamna aibu, mimi ninayo, na ni kubwa."

Anitha alipigiwa simu, akasomewa barua yote. "Baba, hawatakujibu."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa naomba uniulizie bei ya stempu ya ng'ambo."

Kesho yake alibandika stempu, akalamba gundi, akaubana mdomo wa bahasha kwa kiganja hadi ukashika. Akatembea mpaka sanduku la posta la University Boulevard, akavuta kifuniko cha chuma, akaiachia. Aliisikia ikitua juu ya barua za watu wengine.