Kuvuka Mbele ya Ukumbi

Kupigwa picha barabarani kuna adabu yake, na asiyeijua huonekana mshamba hata akijifunika hariri. Adabu yenyewe ni hii: hutaki kupigwa picha. Una haraka zako. Unavuka barabara mbele ya ukumbi wa maonyesho ya mitindo kama mtu aliyeacha sufuria motoni, simu sikioni ingawa hakuna aliyekupigia, na wapiga picha waliojipanga ukingoni wakikukimbilia na kamera zao, unashtuka kidogo, eti, "Jamani, na mimi tena?" Ukishafika ng'ambo unazunguka nyuma ya magari yaliyoegeshwa, unarudi ulikotoka, unavuka upya.

Mchezo huo mimi nilikuwa fundi wake. Aisifuye mvua imemnyea. Enzi za blogu, watu walikuwa wakifika ofisini, wanawasha kompyuta, na kabla hawajagusa kazi ya mwajiri wanafungua ukurasa wangu waone leo nimevaa nini. Na sikuwa naweka picha tu, nilikuwa naandika: kitambaa nimekipata wapi, fundi amenizungusha vipi, kwa nini rangi ya haradali inamkataa mtu asiyelala vizuri. Wasomaji walinijibu kwa barua ndefu, wengine wakinieleza mpaka ugomvi wao na wakwe. Niliacha kazi ya benki kwa ajili ya watu hao, na naapa sikujuta.

Kisha wakaondoka. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyeaga. Walihamia kwenye video fupi, mtu anabadilisha nguo saba kabla hujapepesa macho, na hakuna anayetaka kujua kitambaa kimetoka wapi. Ukurasa wangu ukabaki kama nyumba ya msiba baada ya watu kutawanyika. Aliyeendelea kuniandikia maoni kila siku alikuwa mtu mmoja tu, anauza dawa ya kuotesha nywele.

Sasa nakaa kwa dada yangu, muuguzi, katika chumba cha uani. Nguo zangu zimetundikwa kwenye nondo za dirisha mpaka mwanga unapita kwa kubembeleza. Asubuhi ile dada alirudi kutoka zamu ya usiku, akanikuta mbele ya kioo na suti ya kijani, koti limenikaa kiunoni, sketi ndefu iliyobana, viatu vya kisigino kirefu. Hakuvua hata sare.

"Nimekuongelea kwa mwenye duka la dawa," alisema. "Anataka mtu wa kaunta. Jibu anataka leo."

"Dada, leo usinianze."

"Sikuanzi, nakumalizia. Mwenzangu, arobaini hiyo inabisha hodi, bado unavukavuka barabara kama kuku aliyepotelewa na vifaranga?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aliyezoea harufu ya dawa hawezi kujua uturi. Akaenda kuweka maji ya chai. Nilitamani anitukane, ningepata pa kutolea hasira.

Hakujua siku ile nilikuwa nimeshikiliwa na uzi mmoja. Kampuni zote zilizokuwa zikinipa nguo za kuvaa zilikwisha kuniacha, ikabaki moja, na meneja wake alikuwa amenipigia simu. "Dada yangu, nakuheshimu sana," alianza. Ukisikia hivyo, jua umekwisha. Wakubwa wake wanauliza kama bado ninapigwa picha. Basi siku ya ufunguzi wa maonyesho nimpatie picha moja tu, niliyopigwa na mtu mwingine, mtaani, isambae watu waione. Isipopatikana, watanipa nafasi nipumzike. Nipumzike! Nani kamwambia nimechoka? Wakiniacha hao, hakuna mtu duniani atakayeniita mwanamitindo. Nitakuwa mwanamke wa chumba cha uani mwenye viatu vingi.

Basi nikaenda, nikavuka.

Hakuna aliyeinua kamera. Nilidhani jua linawaumiza macho. Nikazunguka magari, nikavuka tena, safari hii nikicheka na simu. Kimya. Nikavua koti nikaliweka begani, nikavuka. Nikalivaa, nikavuka. Wapiga picha wenyewe walikuwa wachache. Wengi pale walikuwa wasichana waliosimamisha simu zao kwenye vijiti, kila mmoja akijirekodi mwenyewe, anageuka, anakunja mdomo, anafuta, anaanza upya. Walikuwa wakinipisha kwa heshima kama wanavyompisha shangazi yao.

Ndipo nikamwona Kobe. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya begi la kamera asilolishusha mgongoni. Zamani Kobe alikuwa akinikimbilia mpaka anakaribia kugongwa. Nikavunja adabu yote, nikamfuata.

"Kobe, vipi, macho yameingia mchanga?"

Aliona aibu, maskini. "Dada, umependeza. Wallahi umependeza."

"Basi piga."

"Nikipiga nimpelekee nani? Siku hizi tunaambiwa kabisa tumpige nani na nani. Wewe hawajakutaja."

"Moja tu, Kobe."

"Dada..."

"Moja! Nakuomba." Nikamshika mkono. Mimi, niliyekuwa nikimwambia "fanya haraka, nina watu wananingoja," nikamshika mkono mbele za watu, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayelia. Alinihurumia. Akainua kamera, nikapiga hatua mbili nyuma, nikainua kidevu. Wakati huohuo gari likasimama, akashuka msichana aliyevaa nguo za kulalia na malapa, anakula ndizi na kujirekodi. Ukingo wote ukalipuka kwa makelele. Kobe aliniangalia kwenye kioo cha kamera yake, akashusha pumzi.

"Samahani, dada. Sogea kidogo kulia, unaniziba."

Nikasogea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilisogea.

Askari wa trafiki, mwanamke wa rika langu, alikuwa akinitazama muda mrefu. Akanijia. "Mama, kuna kitu umepoteza?"

"Hapana."

"Maana nakuona unakwenda na kurudi, unanichanganyia magari. Vuka mara moja ya mwisho, kisha ukae upande mmoja."

Aliyasema kwa upole, na upole wake ulinivunja kuliko kama angenikaripia. Machozi yakaanza kushuka, wanja ukaingia machoni. Nikavuka. Ningeangalia barabara ningeona pikipiki, lakini mimi nilikuwa nikiangalia kamera kwa pembe ya jicho, kama kawaida yangu. Breki zikapiga yowe. Nikaruka, sketi iliyobana ikakataa kuruka nami, ikachanika kutoka chini mpaka pajani, nikaenda kifudifudi, pochi ikafunguka na kila kilichomo kikatawanyika lami nzima. Dereva wa pikipiki akasimama juu yangu akipiga kelele kwamba hajanigusa, na kweli hakunigusa.

Kwanza kimya. Halafu mtu akacheka, halafu simu zikageuka. Zote. Wasichana wakazing'oa kwenye vijiti. Kobe akapiga goti, akapiga, akapiga, akapiga.

Wahenga wamesema mwenye kuvuliwa nguo huchutama. Mimi sikuchutama. Nililala pale na goti linavuja damu, nikageuza uso, nikawapa shavu la kushoto, kwa sababu upande wa kushoto ndio unaokubalika na kamera. Mungu anisamehe, kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha.

Yule trafiki ndiye aliyeniokota. Alinifunika koti langu mapajani na kunisimamishia teksi.

Dada alikuwa hajalala. Hakusema "nilikuambia", ingawa alikuwa na haki ya kulisema mara kumi. Alinikalisha kitandani, akafungua kisanduku chake, akaanza kuniosha mikono iliyochubuka, akitoa kokoto moja baada ya nyingine. Nikalia kama mtoto. Nikamwambia nimechoka, nimechoka kweli, nimeona haya mpaka haya zenyewe zimenionea huruma.

"Mwambie mwenye duka la dawa nitakuja," nilisema.

"Kweli?"

"Kweli, dada."

Alinibusu kichwani. Tangu mama afariki alikuwa hajawahi kunibusu. Akanifunga bendeji mikono yote miwili, akahamia kwenye goti, akiimba puani, na mimi nikahisi mwili umelegea kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Simu ikalia. Kwa bendeji zile nisingeweza kuishika, dada akaibonyeza na kuiweka kitandani kwa sauti ya wazi. Alikuwa meneja, anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Dada yangu, umeua! Umejiona? Nchi nzima inakuangalia! Video ya kuanguka kwako watu wameiwekea wimbo, watoto wanakuigiza! Ile sketi si yetu ile?"

"Ni yenu."

"Safi sana. Wakubwa wamefurahi hujapata kuona. Sasa sikiliza. Kesho maonyesho yanaendelea. Nitakuletea sketi nyingine, mshono tumeulegeza, itachanika bila taabu. Palepale, mbele ya ukumbi. Unaweza kuanguka tena?"

Dada aliacha kufunga. Pamba ilikuwa mkononi mwake, imejaa damu yangu. Alinitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba kama nilivyomwomba Kobe. Nikajua nikimtazama sana nitakataa, nikageukia simu.

"Saa ngapi?" nikauliza.