Mtungi wa Profesa Masila

Kati ya Kisaju na Kitengela hakuna mtu aliyewahi kumchezea Kathini akili. Ukimtoa yule aliyemuuzia mtamba tasa, na wa bima, na fundi aliyemchimbia kisima cha vumbi, hakuna kabisa.

Lakini asubuhi ile ya mwaka 2009 hakuwa na hamu ya kujicheka. Alikuwa na hasira za watu wawili: zake, na za mumewe Mutinda, ambaye mwili wake haukumpa hata nguvu ya kukasirika. Mutinda alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Kwa miaka minne vidonge vilikuwa vimemshikilia. Alitetemeka, ndiyo, lakini alijifunga viatu na kugombana na redio. Sasa alikuwa hajameza siku tatu. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa la Profesa Masila, mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua, mate yakimshuka kidevuni.

"Fungua mdomo, Baba Celine." Kidonge kilikuwa kati ya vidole vya Kathini.

"Profesa amesema... dawa... inaua mbegu."

Na ubaya ni kwamba uongo huo wa mbegu za ubongo ulizaliwa na ukweli. Daktari Amolo wa kliniki ya Nairobi alikuwa amewaeleza kwamba ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinachofanya viungo vitii, na za Mutinda zinakufa. Kidonge kinaziba pengo. Akaongeza kwamba ng'ambo wataalamu wanachukua seli ya ngozi ya mgonjwa, wanairudisha utotoni, kisha wanailea kwenye kisahani mpaka iwe seli ya ubongo, waone inavyougua. Pengine siku moja watazipanda kichwani. "Siku moja, mzee. Bado wanachunguza."

Mutinda, mkulima tangu azaliwe, alisikia "kupanda". Ile "bado" aliiacha Nairobi. Kwa hiyo Masila alipofungua chumba Kitengela na kutangaza kwamba anapanda seli za ubongo, Mutinda alikuwa wa kwanza kwenye benchi.

"Mama, unasumbua wagonjwa," Profesa alisema. Alikuwa na koti jeupe na viatu vinavyong'aa.

"Mwambie ameze."

"Akimeza, seli nitakazompandia zitakufa."

"Anayekufa ni huyu! Jana nimemlisha uji na kijiko, umemwagika wote kifuani. Mzee mwenye wajukuu! Usiku hawezi kujigeuza, mimi ndiye ninamgeuza kama gunia. Wewe umewahi kumgeuza mtu?"

"Sayansi inataka uvumilivu, mama."

"Hizo seli ziko wapi?"

Masila akaonyesha mtungi wa chuma mezani, umefunikwa kitambaa cheupe. "Zimelala humo, kwenye baridi inayounguza. Ukigusa utapoteza mkono."

Kathini akavuta kitambaa. Nani anayefuga ng'ombe wa maziwa asiujue mtungi ule wa mbegu za fahali? Mwenye kupandisha ng'ombe huja nao kwa pikipiki, na akiufungua, moshi mweupe wa baridi humwagika mpaka chini. Kathini akaufungua. Hapakuwa na moshi.

"Usiguse!" Masila akapiga kelele.

Kathini akatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo. Mlikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. Akautoa mkono, akauinua mbele ya macho ya mumewe na kukunja vidole, kimoja kimoja.

"Uko hapa wote, Baba Celine. Hesabu."

Kisha akaubinua mtungi. Ukadondoka mrija mmoja mwembamba, umeandikwa ubavuni. Kathini aliishia darasa la nne, lakini herufi kubwa hazikuwahi kumshinda.

"Ayrshire," akasoma kwa sauti.

Benchi zima lilikuwa la wafugaji; hakuna asiyeijua aina hiyo ya ng'ombe. Mutinda aliutazama ule mrija kwa muda mrefu. Halafu, polepole sana, akafungua mdomo. Kathini akamwekea kidonge kwenye ulimi na kumshikia kikombe cha maji.

"Hilo ni jina la mwenzangu," Masila akasema haraka. "Daktari Ayrshire, wa Uingereza. Yeye ndiye aliyezikuza hizi seli."

Kutoka mwisho wa benchi, mgonjwa mwingine, mzee Kuntai, akakohoa.

"Huyo daktari namjua," akasema. "Niko na mabinti zake wawili nyumbani. Nimewakamua asubuhi hii."