Alama Kwenye Mwimo wa Mlango

Chwap.

Futi ya chuma ilijirudisha ndani ya kikasha chake, na mke wa fundi friji akajua, bila kufumbua macho, kwamba mumewe ameshajipima. Kulikuwa bado giza. Alimsikia akishusha visigino sakafuni, akivuta stuli, akiketi.

"Vipi?" aliuliza kutoka kitandani.

"Unywele."

"Umepanda au umeshuka?"

"Nimepanda. Unywele mmoja, labda na nusu."

Mke akavuta shuka akajifunika uso. Unywele! Ijumaa iliyopita shemeji yake alipanda kidole kizima, na akapigiwa makofi.

Fundi friji, akishatoka kazini, alinunua na kuuza mikataba ya bei za baadaye kwenye simu. Unakubaliana leo bei ya mahindi ambayo bado yako shambani. Bei ikipanda unauza mkataba kwa faida, ikishuka imekula kwako, na mahindi yenyewe huyaoni hata punje. Mume wa dada wa mkewe, ambaye ndugu wote walimwita Bosi, alifanya biashara hiyohiyo. Wote wawili walirefuka walipopata na kufupika walipopoteza, kama ilivyo kwa watu wa biashara hiyo. Mafundi cherehani wa mtaani walishazoea kuwaachia pindo pana kwenye suruali.

Tofauti ilikuwa katika saa ya kupimwa. Fundi alisubiri kwanza dalali akate ada yake, soko likate tozo yake, kisha yeye mwenyewe aitenge kodi ya serikali pembeni asiiguse tena. Hayo yote yakiisha, mwili ukishatulia, ndipo alipotoa futi. Bosi alipimwa Ijumaa jioni nyumbani kwa mama mkwe, dakika chache baada ya kuuza mkataba wa faida ndani ya gari nje ya geti, kabla hata senti moja haijakatwa. Mikataba ya hasara aliiacha bila kuiuza. "Hiyo bado inapumua," alisema.

Mwimo wa mlango wa sebuleni kwa mama ulijaa alama za kalamu ya risasi. Za chini kabisa zilikuwa za mabinti zake wawili walipokuwa wadogo, na hata pale dada alikuwa juu. Mke wa fundi alipokuwa akipita mlangoni aliziangalia kila mara, kama mtu anavyougusa kwa ulimi mahali jino lilipong'oka.

Mwaka huu kulikuwa na jambo zaidi ya makofi. Mbele ya nyumba, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na chumba cha duka cha mama ambacho mpangaji wake alihama. Mama alisema Ijumaa ya mwisho ya mwaka atakikabidhi kwa mkwe aliyekua zaidi. Mke wa fundi alilea watoto wa majirani, wanne, katika chumba kilekile alimolala na mumewe na binti yao, Chiriku. Watoto walicheza kati ya kitanda na friji za watu zinazosubiri gesi. Alishaupaka rangi ukuta wa kile chumba cha duka kichwani mwake: njano ya chini, nyeupe ya juu, na ndoano za mikoba usawa wa mkono wa mtoto.

Jumamosi moja alikwenda kwa dada yake kurudisha sufuria. Alimkuta ameketi na suruali ya Bosi mapajani, pini mdomoni, akipandisha pindo.

"Shemeji yuko wapi?"

"Amepumzika," dada alijibu kupitia pini. "Usiingie, jamani. Si unajua hicho kitanda kipya kimejaa chumba kizima? Cha zamani miguu ilikuwa inaning'inia. Tabu tupu, mdogo wangu. Wewe umepata mume wa saizi ya kawaida, hujui unavyofaidi."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Katikati ya kitanda, chini ya shuka, palikuwa na kifurushi cha mtu kisichozidi ukubwa wa mto. Kilikohoa kwa sauti ya Bosi. Mke wa fundi alikitazama kitanda: mbao nyeusi, droo mbili chini, godoro nene. Akarudi nyumbani bila kunywa hata maji, na usiku huo akamgeuzia mumewe mgongo.

"Hebu na wewe upimwe Ijumaa," alisema akiuambia ukuta. "Kabla ya ada. Mara moja tu."

"Nikipimwa hivyo nitakuwa mrefu kwa niaba ya dalali," fundi alisema.

"Basi kuwa mrefu kwa niaba yangu!"

Fundi alinyoosha mkono akamfunika bega.

Ijumaa ya mwisho ya mwaka mke wa fundi aliamka mapema, akakata boksi la sabuni vipande vya umbo la nyayo, akavipachika ndani ya soksi za mumewe, tabaka kwa tabaka. Fundi aliviona. Alivaa soksi zake, akafunga kamba za viatu kwa shida, na njia nzima akatembea kama mtu anayekanyaga mayai, mkono mmoja umemshika Chiriku.

Kwa mama watu walivua viatu kibarazani kama kawaida. Bosi alikuwa ameshafika. Ilimbidi ainamishe shingo kuingia sebuleni, na dada alimfuata nyuma akimnyooshea koti kana kwamba ni pazia.

"Tuanze na huyu mdogo," mama alisema.

Fundi akausogelea mwimo. Mama alimtazama miguuni.

"Soksi."

"Mama, sakafu ina baridi," mke wa fundi aliwahi.

"Vua soksi, baba."

Fundi akavua. Vipande vya boksi vikaanguka kimoja kimoja, na kwenye kimoja jina la sabuni lilisomeka vizuri kabisa. Dada alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mdogo wangu! Si ungemvisha na ndoo?"

Mama alichora alama ya fundi, unywele juu ya ile ya mwaka jana, akapanda juu ya kreti la soda kumpima Bosi. Kichwa cha Bosi kiligusa kizingiti cha juu.

"Chora taratibu, mama, usinitoboe," Bosi alisema, na wote wakacheka tena. Mama akatoa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu, akamvalisha shingoni.

"Hicho chumba nitakiweka dhamana kwa dalali," Bosi alisema. "Tupande zaidi."

"Panda, mwanangu," mama alisema.

Mke wa fundi aliokota vipande vya boksi, akavipanga vizuri, akavikalia.

Chai ilipomiminwa simu ya Bosi ililia. Dalali amekata ada za mwaka. Bosi akashuka kidogo kwenye kiti, kama mtu anayejiweka sawa. Ikalia tena: tozo za soko. Mabega yakaingia ndani ya koti. Kisha kodi, kisha dalali tena, ambaye alikuwa ameiuza ile mikataba iliyokuwa bado inapumua. Mikono ya koti ikafunika kikombe, na kidevu cha Bosi kikawa usawa wa sahani ya mkate.

"Msogezee mto," mama alisema.

Dada akachomoa pini alizokuwa amezichomeka upande wa ndani wa kola yake, akaanza kukunja mikono ya koti, mara moja, mara mbili, mara tano. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Kazi hii alikuwa ameizoea.

"Ongeza mto mwingine. Sukari haifikii."

"Mama," mke wa fundi alisema, "mpime tena."

"Nimpime mara ngapi?" mama alisema. "Alama si ile pale?"

Wote wakageuka kutazama mwimo. Alama ilikuwepo, juu kabisa, chini ya kizingiti. Bosi naye aliitazama, kutoka mbali, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hongera, shemeji," fundi alisema, akamsogezea sukari.

Jua lilipoanza kuzama Bosi na dada waliaga. Dada alibeba viatu vya mumewe, vile virefu kama mikate, ndani ya mfuko. Mke wa fundi alisimama dirishani akiwaangalia wakishuka ngazi za baraza. Ufunguo ulimgonga Bosi magotini kila hatua, na uzi wake mwekundu ulionekana mpaka getini. Dada alimshika mkono kuvuka barabara. Walipofika mbele ya chumba cha duka walisimama, dada akamnyanyua, Bosi akatia ufunguo kwenye kitasa, na mlango ukafunguka.

Wivu wa mke wa fundi haukupungua hata unywele. Aliutazama mlango ule na bado aliiona njano ya chini, nyeupe ya juu. Nyuma yake mumewe alikuwa amechuchumaa, akijaribu kurudisha miguu mitupu ndani ya viatu ambavyo sasa vilimpwaya.

"Tutapata chumba kingine," fundi alisema. "Kidogo kidogo."

"Unywele kwa unywele," alijibu, na hakujua kama anamkejeli au anamkubalia.

Kibarazani, Chiriku alikuwa akizunguka kati ya viatu vilivyobaki, akiinua kimoja, akitazama nyuma ya chungu cha maua, akirudi. Mwishowe akasimama mlangoni, chini ya alama zote.

"Mama, baba mkubwa ameondoka na viatu vyangu."