Bei Zilizofanana Mno

Ofisini walimwita Bi Kwa Nini, na hakuchukia, maana kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa hiyo hiyo ya kuuliza. Alikuwa mhakiki wa bei katika benki, kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachovuja na zulia lililolika pale magurudumu ya viti yanapopita. Ng'ambo ya kioo walikaa wauza mikataba, watu wa simu mbili mbili na kahawa iliyopoa.

Mikataba yenyewe ilikuwa ya dizeli. Kampuni ya mabasi ikihofia dizeli itapanda, iliilipa benki ada ili ipate haki ya kununua mwakani kwa bei iliyokubaliwa leo. Dizeli ikipanda, benki ndiyo iliyobeba tofauti. Isipopanda, benki ilikuwa imekula ada ya bure. Ugumu ulikuwa kujua mkataba wa namna hiyo una thamani gani leo, kabla siku yake haijafika. Kila kitu katika hesabu kilijulikana isipokuwa kimoja: soko litatikisika kiasi gani. Hicho hakikuandikwa popote, kilikadiriwa na mtu. Akikadiria mtikisiko mdogo, mzigo wa benki ulionekana mwepesi, faida ilinona, na bonasi za kila mtu kwenye ghorofa ile zilinona nayo.

Mtu aliyekadiria alikuwa mume wa mdogo wake.

Wenzake walimwita Jicho, kwa sababu hakukosea. Kila mwisho wa mwezi Bi Kwa Nini alimpigia simu dalali wa nje, mtu asiyehusika na benki, akamuuliza yeye anaona mtikisiko ni asilimia ngapi. Hakumtajia dalali namba aliyoiweka Jicho. Na kila mwezi dalali alitaja namba ya Jicho, ile ile, bila kupungua wala kuzidi.

Mwanzoni alifurahi kimoyomoyo kwamba familia imepata kichwa. Baadaye furaha ikaanza kumwasha. Hata mizani mbili za dukani hutofautiana kwenye kilo moja ya sukari. Isitoshe, redio asubuhi ilikuwa ikisema dizeli imepanda, kesho yake imeshuka, keshokutwa imepanda tena, na Jicho aliendelea kuandika kwamba soko limelala.

Jumapili moja alikwenda kula kwa mdogo wake. Alikuwa ameingia nyumba ile mara nyingi, lakini siku hiyo macho yalimtembea yenyewe. Friji ilikuwa mpya, ya milango miwili. Makochi yalikuwa bado na nailoni. Alijichukia kwa kuyatazama, na akaendelea kuyatazama.

"Shemeji," alisema walipomaliza kula, "mwezi huu ule mkataba wa miaka miwili utauweka ngapi?"

"Hata Jumapili, shemeji?" Jicho alicheka. "Ishirini na nne."

"Kwa nini ishirini na nne?"

"Ndivyo ninavyoona."

"Unaonaje?"

Simu ya Jicho iliyokuwa imelazwa kifudifudi mezani ikalia. Aliitazama, akainuka, akatoka nayo nje na kuufunga mlango nyuma yake. Kupitia dirishani Bi Kwa Nini alimwona akizungumza huku amegeukia ukuta, mkono umefunika mdomo.

"Anaongea na nani?"

Mdogo wake aliweka chini sahani alizokuwa amezibeba. "Dada, mbona unamhoji mume wangu kama umemfumania na kuku wa jirani?"

"Nauliza tu."

"Kuuliza kwako nakujua tangu utotoni. Ukianza, lazima mtu achapwe."

Alirudi nyumbani akipiga hesabu njia nzima. Kama Jicho alikuwa akimnong'oneza dalali namba kabla yeye hajapiga simu, basi uhakiki wake wote ulikuwa mchezo wa kuigiza, na yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa makofi. Lakini namba za Jicho hazikuwa siri yake peke yake. Mtu mwingine mmoja alizipata mapema, asubuhi ya kufunga mwezi: mkuu wa kitengo cha uhakiki, bosi wake mwenyewe.

Huyo walimwita Taratibu, kwa jinsi alivyolitumia neno hilo kumaliza kila ugomvi. Ndiye aliyemwajiri. Ndiye aliyemfundisha kwamba bei ambayo huwezi kuieleza si bei. Kumshuku yeye kulimtia aibu, na kama angepata njia ya kumweka pembeni angemweka. Njia haikuwepo. Akakata shauri kuwapima wote wawili kwa pamoja, akiamini kabisa ni yupi atakayenaswa.

Siku ya kufunga mwezi Jicho alikuwa kwa mteja hadi jioni, na namba zake zilikuwa hazijamfikia bosi. Bi Kwa Nini aligonga mlango wa bosi.

"Jicho yuko nje," alisema. "Tulikutana juzi, akaniambia ule wa miaka miwili atauweka kumi na tisa. Nimeona nikufikishie."

Taratibu aliinua uso. "Kumi na tisa? Ameshuka sana."

"Ndivyo alivyosema."

Bosi aligeuza kalamu vidoleni. Bi Kwa Nini alingoja aulize kwa nini, swali alilomfundisha yeye mwenyewe. Hakuuliza.

"Sawa," alisema. "Taratibu tu. Asante."

Mchana Bi Kwa Nini alijifungia katika chumba kidogo cha mikutano akampigia dalali. Aliomba maoni yake kuhusu mkataba wa miaka miwili. Ikitoka ishirini na nne, shemeji yake amekwisha, na mdogo wake pamoja naye.

"Ngoja nitazame skrini," dalali alisema. Karatasi zilisikika zikipekuliwa. Skrini gani hiyo ya karatasi, alijiuliza. "Haya. Kumi na tisa."

"Rudia tafadhali."

"Kumi na tisa, dada. Soko limetulia."

Alishukuru, akakata simu, akabaki amekaa. Namba ile haikuwepo duniani. Aliitunga yeye akiwa bafuni asubuhi, na alimwambia mtu mmoja tu.

Jioni, Jicho aliporudi, aliandika ishirini na nne kama alivyosema.

Bi Kwa Nini hakulala vizuri, lakini kesho yake hakwenda kwa bosi. Alipanda lifti hadi kwa wakaguzi wa ndani akawaeleza yote, pamoja na uongo wake. Walimsikiliza bila kumkatiza. Kisha wakafuatilia simu za ofisi, na jambo likawa wazi: kila mwezi, siku hiyo hiyo, Taratibu alimpigia dalali kabla ya Bi Kwa Nini kumpigia. Dalali alipata biashara ya benki, Taratibu alipata mwaka wenye faida nono na ahadi ya kupandishwa kuwa mkurugenzi. Wakaguzi walipowauliza madalali wengine watatu, hakuna aliyetaja chini ya thelathini. Faida ya mwaka mzima ikageuka hasara.

Alikutana na Taratibu kwenye korido siku bosi huyo alipokuwa akiondolewa, mlinzi ubavuni.

"Ungekuja kwangu kwanza," Taratibu alisema, kwa sauti yake ile ile ya upole.

"Nilikuja kwako kwanza," alimjibu.

Jicho hakufukuzwa. Walimtoa kwenye mikataba, wakampa meza isiyo na simu. Siku moja alimfuata Bi Kwa Nini kwenye ngazi, akaketi kando yake.

"Nilikuwa nabahatisha, shemeji," alisema. "Mwezi wa kwanza nilibahatisha kweli. Nilitegemea dalali aniambie nimekosea, nirekebishe. Akakubali. Wa pili akakubali. Watu wakaanza kuniita Jicho. Mwishoni nikaogopa, nikaanza kutafuta kazi kwingine. Ile simu ya Jumapili ilikuwa ya hao wa kazi mpya."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nina wasiwasi kwa sababu kila mtu ananikubali?"

Bi Kwa Nini alitaka kumwamini, na sehemu kubwa yake ilimwamini. Iliyobaki ilikumbuka kwamba bonasi alizichukua, zote.

Kwa mdogo wake alichelewa kwenda. Alipokwenda alimkuta anakunja nguo, akaketi na kuanza kumsaidia.

"Ameniambia ule mtego wako," mdogo wake alisema hatimaye. "Nina swali moja. Kama dalali angesema ishirini na nne, ungekwenda kwa wakaguzi?"

Bi Kwa Nini aliushika mkono wa shati la shemeji yake, akaunyoosha. Angeweza kusema hajui. Mdogo wake angeupokea uongo huo, na wangekunywa chai.

"Ningekwenda," alisema.

"Bila kuniambia?"

"Ningekwambia baadaye."

Mdogo wake alilichukua shati mikononi mwake, akalikunja upya tangu mwanzo, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri.

"Basi mimi nyumbani kwangu nitakukaribisha," alisema, "wewe ni dada yangu. Ila mume wangu akiwepo, usiulize kitu."

Alikubali. Tangu siku hiyo, wakiwa mezani wote watatu, huzungumza habari za watoto na mvua. Jicho akitoka nje kupokea simu, Bi Kwa Nini huinamisha macho kwenye sahani yake, na mdogo wake humtazama kuona kama atageuka dirishani.